Sifuna amekubali kupasuliwa kichwa

Pauline, uko? Tumetoka kwa daktari hapa Kitale saa hii.

Hii shida ya Sifuna ya kunawa mikono mpaka ngozi inatoka, ati dawa zote zimeshindwa. Imebaki operesheni ya ubongo. Ubongo, Pauline! Na daktari hakuahidi atapona.

Mama akaruka, "Kichwa ya mtoto wangu si boga! Turudi Bungoma tuombe."

Si unajua vile kaka yangu huwa kimya? Leo amesema, "Mama, umeomba miaka yote. Nimechoka kuishi hivi. Wacha wapasue."

Nimechoka kuishi hivi. Amemwambia Mama hivyo, bana.

Mama ameketi chini kwa sakafu hapa nje ya ofisi ya daktari, analia. Sifuna anataka kumshika lakini anaogopa uchafu. Amesimama tu hapo, anamwambia pole, mikono ameficha nyuma.