Bata Ambaye Hakupiga Bawa

Kwa kupika bata sina mpinzani, si nilikutambia jana? Ini langu la kukaanga watalamba hadi sahani? Basi futa hayo maneno, nakuandikia upya.

Asubuhi nimekwenda kumchinja, nimemkuta nje ya banda ameshakufa. Ameshakufa, ndugu yangu. Na mimi ndiye niliyesahau kumfungia. Nikaogopa maneno ya Baba, nikapitisha kisu shingoni upesi upesi, nikamnyonyoa kama hakuna kilichotokea.

Ini lilikuwa na rangi siielewi. Nikalizamisha kwenye vitunguu na pilipili, nikapakua.

Tumeshanawa, jirani akachungulia mlangoni. "Fungieni bata wenu, nimeweka sumu ya panya kando ya ua tangu jana."

Sumu. Ya panya. Tangu jana. Na Baba ameshika tonge.

Bibi akamshika Baba mkono, akanisogezea mimi sahani ya ini. "Mpishi huonja kwanza."

"Nimeshiba moshi wa jikoni, Bibi." Hakuna aliyecheka.

"Onja, mjukuu wangu. Nilikuwa dirishani asubuhi. Bata uliyemchinja hakupiga hata bawa."