Zuhura Ameanguka Tena Dunguni

Jumatatu, 4 Mei
Nimempelekea uji mjukuu wangu Zuhura shambani. Ndege wameshambulia mpunga. Yuko juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia ndege, anavuta kamba, makopo yanalia. Kundi likaruka ghafla. Naye akadondoka palepale juu. Mkwewe, Bi Mwajuma, akajifunika khanga usoni, akakimbia. "Kifafa! Msimguse!" Nimepanda mwenyewe, na magoti yangu haya. Uso wa majivu, mwili umelegea, mikono ikirukaruka kidogo. Nimemgusa kifua. Kimya. Halafu moyo ukaanza kwenda mbio. Akafumbua macho: "Bibi, ndege wameondoka?"
Nina hasira.

Jumatano, 6 Mei
Dawa za kifafa anameza tangu mwaka jana. Kuanguka anaanguka. Leo Bi Mwajuma kaja kusema mwanawe Seif, mume wa Zuhura, ataandika talaka. Ati mate yanaambukiza. Nimemwambia, "Mate ya kuogopwa ni yako." Kaondoka bila kuaga. Na aende.
Marehemu mdogo wangu alikuwa na kifafa, nikamlea. Alikakamaa, akajiuma ulimi, akiamka hanijui mpaka jua ligeuke. Huyu aamka na akili zake. Darasa sikulijua, hata herufi hizi kanifundisha Zuhura. Ila macho ninayo.

Ijumaa, 8 Mei
Kibiti, hospitali. Daktari, kijana wa bara, kauliza nani alimtazama anapoanguka. Seif alikuwapo mara nyingi, na kila mara kageuka. Ndivyo tulivyolelewa huku: wa kifafa hatazamwi. Nilitaka kumzaba Seif kofi. Nikasema mimi niliyoyaona.
Wakambandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi ya mistari. Daktari kaitazama sana. "Bibi, huu ni moyo. Akishtuka unakwenda ovyo, damu haifiki kichwani, anazimia. Siku moja unaweza usirudi." Dungu asipande tena. Aende Dar upesi.
Mtoto anakata roho, sisi tumempa visogo! Seif kalia. Nimemwacha alie.

Jumapili, 10 Mei
Kesho Dar. Seif anakwenda naye. Talaka haitajwi.
Nimemsuka Zuhura ukumbini. "Bibi, unanivuta kama mke mwenza." Nikamwambia ndimi hasa, atulie.
Jirani kaangusha sufuria. Zuhura kashtuka. Vidole vyangu vikasimama nyweleni.
Akapumua. Akageuza kichwa, akanipa upande wa pili.