Milango Minane, Nikaandika Minne

Alhamisi, Kathonzweni. Vumbi, upepo, na mimi mwenyewe sijielewi.

Nakiri jambo. Tangu Jumatatu nimemwona Mwende kuwa mwizi, na sikuweka moyoni tu. Nilimwambia Pasta, na kesho kamati ya kanisa inakaa kumfuta kazi.

Mwende tunafundisha naye kompyuta kwenye chumba cha kanisa. Miezi mitatu tumetumia skrini nne, zote zimeunganishwa kwenye kompyuta moja ya Linux kupitia kadi ya ndani yenye milango minane ya kuchomekea nyaya. Wiki jana tukapewa skrini nne zaidi. Jumamosi Mwende akafungua kompyuta apanguse vumbi. Jumatatu nikachomeka zile mpya.

Za zamani zikawaka, mpya giza.

Nikaanza kujumlisha. Kaka yake anauza spea za redio Sultan Hamud. Amevaa viatu vipya. Nilipomwuliza alicheka kwanza, ndipo akasema, "Kadi ni ile ile, ticha. Mimi nilipangusa vumbi tu." Kucheka kwa nini? Nikawa na hakika ameuza kadi yetu na kutuwekea ya milango minne. Hata mkoba wake niliukodolea macho akiondoka.

Leo asubuhi nikakaa kuandaa ushahidi. Kadi yetu ni ya zamani, haijui kujitambulisha. Lazima mtu aieleze kwenye jedwali la BIOS, programu inayoamsha kompyuta: anwani yake, interrupt yake, yaani ishara ya kuiita kompyuta, na milango mingapi. Dereva ya Linux, programu inayoiendesha kadi, husoma hapo na kuamini, haiendi kuhesabu. Nikafungua jedwali ili nilinakili.

Milango: 4.

Niliandika mimi. Siku tulipoweka kadi tulikuwa na skrini nne, nikaona ya nini kuhangaika na zaidi.

Nikaandika nane, nikawasha upya. Zote nane zikawaka. Kadi ilikuwa ile ile. Pasta akachungulia mlangoni.

"Bwana asifiwe! Kwani ameirudisha? Si nilisema akibanwa ataileta?"

Naona aibu kuandika hili: nilinyamaza mpaka akaenda zake, na kwa dakika kadhaa nilifikiria kuacha mambo yalivyo. Skrini zikiwaka, kamati itaona ni Mwende aliyeogopa akarudisha.

Nikaandika tena nne. Nikawasha upya, skrini nne zikazimika. Kesho nitabadilisha jedwali mbele ya kamati nzima, waone kosa lilikaa wapi na nani aliliweka.

Kisha nikaenda kwa Mwende. Nilimkuta uani anapepeta ndengu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, hata la kunyamaza. Hakunipigia kelele. Alimaliza ungo ule, akauweka chini.

"Na kama hungeuona huo mstari, ticha?"

Nimerudi nyumbani na bado natafuta jibu ambalo si uongo.