Kipande Kwenye Kopo la Misumari

Shemeji,

Wanao hawajambo. Wa mwisho ameota meno, na paa la karakana bado linavuja.

Uliwaambia polisi kwamba dada yangu aliichezea bastola yako ikamfyatukia. Jana niliifungua mbele yao. Kile kizuizi cha ndani, kinachoishika pini isigonge risasi bastola ikianguka, hakimo. Ulikitoa ili ifyatuke kwa wepesi, ingawa nilikukataza. Ilianguka tu kutoka mezani, ikamuua.

Ufundi huu nilikufundisha mimi, na kila ulipotaka kutupa kipande nilikufokea. Kwa hiyo nilikwenda moja kwa moja kwenye kopo lako la misumari. Nilikikuta, tena umekipaka mafuta. Mwanafunzi mzuri kweli wewe!

Anayekukabidhi barua hii ni askari. Usimkimbie, ni mgeni wangu.

Kaka wa marehemu