Salamu Zako za Jumatatu

Dada Kerubo,

Sijui nianze na salamu gani, maana wewe ndiye umekuwa ukinisalimia mimi. Kila Jumatatu asubuhi, tangu wakuzike, simu inalia kidogo pale mezani, naitazama, na wewe uko hapo na kitambaa chako cha kijani kichwani. "Habari zenu jamani! Mmeamka?" Nimeamka, dada. Nimesimama jikoni na uji wa Zawadi mkononi, na miguu haitaki kwenda popote.

Naandika mchana huu Zawadi akiwa amelala. Unanijua, niliishia darasa la nane, na kuandika kunanichosha mkono kuliko kusugua bafu. Lakini tangu uondoke kuna mambo yametokea, na sioni mwingine wa kumwambia, kwa sababu yote yanakuhusu wewe.

Siku ile ulienda kusafisha nyumba kule Savage peke yako kwa sababu Zawadi alikuwa na homa. Ulinipigia ukiwa tayari kwa gari, ukanitania, "Kaa na mtoto, mama wewe. Choo kimoja hakiwezi kunishinda." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Choo kimoja. Nimetafuta kichwani kama kuna mengine, hakuna. Wakati wa kurudi barabara ilionekana kavu kabisa, kumbe ilikuwa barafu, na gari likateleza. Waliokupata walisema hukuteseka. Nachagua kuamini.

Watu wa kanisa walijaa hapa ugenini, Brooklyn Park, wakaimba, wakapika, wakahangaika mpaka ukafika kwa mama yako, Kisii. Mimi sikuweza kusafiri, karatasi zangu za kukaa huku unazijua. Nilitazama mazishi kwa simu. Mtandao ulikuwa unakatika, picha inaganda, inarudi nyuma, na jeneza lako likashuka kaburini mara mbili. Mara mbili, dada. Nikasema moyoni, basi, hapo sasa imekwisha.

Jumatatu iliyofuata ukaongea.

Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Baadaye ndipo nikakumbuka ile tabia yako ya Jumapili baada ya ibada. Ulikuwa unakaa hapo kwa kochi langu na soda, unapanga video zetu za kutangaza kazi ya usafi, za wiki nyingi mbele, unaiambia simu hii itoke lini na ile itoke lini, ili siku za kazi tusihangaike. Mimi sikujifunza. Kazi yangu ilikuwa kushika simu isitikisike, halafu kusugua. "Wewe ni mikono, mimi ni mdomo," ulikuwa unaniambia, "na mdomo wangu haujawahi kukosa kazi."

Unakumbuka tulivyoanza? Tuliiga wengine. Muziki wa kelele, sinki chafu, halafu paap, sinki linang'aa. Hakuna aliyetupigia ila binamu yako wa Texas, na yeye alipiga kutucheka. "Mmekuwa waigizaji wa vyoo sasa?" Ulimkatia simu ukanuna mpaka jioni.

Halafu tukaenda kwa yule mzee wa Maplewood aliyefiwa na mkewe. Sebuleni kwake kulikuwa na kiti karibu na dirisha, na mbele ya kile kiti zulia lilikuwa limelika mahali pawili, pale mama wa watu alipokuwa akiweka miguu yake. Nilitaka kukisogeza nipitishe mashine. Ukanishika mkono. Ukamwomba mzee ruhusa ya kueleza habari za kiti chake kwa video, bila kuonyesha uso wake wala nje ya nyumba. Alifikiri sana. Akasema sawa, ila asikilize yeye kwanza kabla watu wengine hawajasikia. Basi ukasema polepole, kwa kile Kiingereza chako chenye Kisii ndani, kwamba kiti hiki hatukisogezi, tutasafisha kukizunguka. Hatukuweka muziki. Ukamalizia na ule utani wako wa tupigie tuje tusugue dhambi zako za jikoni, na mzee akacheka nyuma yangu, kicheko chake kikaingia kwa video.

Simu zikaanza siku hiyohiyo. Nikakuuliza, kweli watu wanatupigia kwa sababu ya kiti?

"Mama Zawadi, hawa watu hawajakosa mtu wa kufagia. Wanaogopa ni nani ataingia kwa nyumba yao. Sasa wametuona tukiingia." Ukafunga ndoo, ukaongeza, "Na siku tutakayowadanganya hapo, tumekwisha."

Hilo neno limenikalia kifuani tangu uende. Kwa sababu uliendelea kutoka, dada. Kila Jumatatu, umenawiri, unacheka, unasimulia habari za oveni na za watoto waliochora ukutani. Na watu waliendelea kupiga. Wengi kuliko ulipokuwa hai. Mama mmoja wa upande wa Saint Paul alinifungulia mlango na mtoto mchanga begani, akaangalia nyuma yangu, akauliza, yule anayecheka yuko wapi? Nikasema, leo hayuko. Leo! Neno lilinitoka hivyo tu. Akaniambia alikutazama asubuhi hiyo, na kicheko chako ndicho kilimtoa kitandani, maana tangu ajifungue hajisikii mtu. Ningemwambiaje, Kerubo? Nilisugua bafu lake huku lile neno "leo" likinisemesha kutoka kwa vigae.

Na Zawadi ndiye ananiogopesha zaidi. Ukisema "Mmeamka?" anakuitikia. Anakueleza alichokula. Nikimwambia auntie ameenda kwa Mungu, ananyoosha kidole kwa simu na kunijibu kwa Kiingereza chake, hapana mama, auntie yuko kazini. Na kweli uko kazini. Umekufa na bado unatutafutia chakula.

Halafu mama yako akapiga.

Jirani yake ndiye alimwonyesha ukurasa wetu wa video. Kiingereza haelewi, lakini "Habari zenu jamani" aliielewa. Nilimsikia akipumua. Akasema, "Mghoi, wewe ni kama mtoto wangu. Niambie ukweli. Mimi nilizika nani?"

Nikaketi chini.

"Jeneza lilifika limefungwa," akasema. "Wakaniambia nisifungue, ni safari ndefu, nikatii. Sasa Jumatatu mtoto wangu anaongea, na amevaa kitambaa nilichomtumia mimi. Kama Kerubo ako hai na kuna jambo mmenificha huko, sitakasirika. Haki, sitauliza kitu. Niambie tu ako hai."

Dada, angekuwa analia ningevumilia. Alikuwa na furaha. Ameificha, ameibana, lakini ilikuwa ndani ya sauti, kama mtu amebeba kitu chini ya leso. Na mimi ndiye nilipaswa kumnyang'anya. Nilimweleza mpaka ulimi ukakauka, kwamba ulizipanga ukiwa mzima, kwamba zinatoka zenyewe, hakuna mtu. Hakuna mtu, mama. Alisikiliza. Mwishoni akauliza kama zimebaki. Nikasema sijui.

"Nguo zake tumegawa," akasema. "Dada zake wamechukua zao, shangazi amechukua yake. Kila kitu kimepata mwenyewe, ndiyo yeye alale. Sasa hii sauti mlimpa nani?"

Hatukumpa mtu. Wale kina mama wa kanisa walipogawa vitu vyako hapa walihesabu mpaka sufuria. Sauti hakuna aliyeikumbuka.

Msichana mmoja wa kwaya akanionyesha mahali video zako zinapokaa kwenye ukurasa. Ulikuwa umejipanga hapo kwa safu, picha ndogondogo, kitambaa cha kijani, cha njano, kile cha maua, mdomo wazi katika kila moja, unangoja zamu yako. Ilibaki kubonyeza tu, zisitoke tena. Na sikubonyeza. Nilirudi nyumbani nikapika, nikamwogesha mtoto, na kidole kinaniuma kana kwamba kimekatwa. Nikikufunga mdomo, nani atatupigia simu? Mimi Kiingereza changu ni cha asante na samahani. Nikikuacha uendelee, mama yako atakuwa anazika kila Jumatatu.

Asubuhi nilienda bafuni, nikaweka simu juu ya sinki, nikajitazama. Nilikuwa na macho mekundu, na kitambaa sikufunga, maana vitambaa ni vyako. Nikaongea Kiswahili, yule msichana akaandika Kiingereza chini. Nilisema hivi: Dada Kerubo aliyekuwa akiwasalimia amefariki. Video mlizoona tangu afariki alizipanga akiwa hai. Hatatoka tena. Mimi ndiye nilikuwa nashika simu, ndiyo maana hamnijui. Naitwa Mghoi. Sijui kuchekesha watu. Kisha nikanyamaza kwa sababu nilikungoja wewe useme ile ya dhambi za jikoni, na hukusema.

Msichana akaniambia, "Auntie, weka namba ya simu, hii itaenda mbali sana." Nikamwambia, ndiyo maana siweki. Kiti cha mzee kilikuwa kazi yetu, tulisafisha pembeni yake. Wewe si kazi. Siwezi kukulilia na kutangaza bei kwa pumzi moja.

Na bado mtu mmoja aliandika kwamba natafuta wateja kwa maiti. Lilinichoma kwa sababu nililifikiria mwenyewe kabla yake. Sikumjibu. Nilijiuliza ungemjibu nini, nikajua ungemtukana kidogo kwa Kikisii halafu umwombee, basi nikamwombea tu. Wengine walikulilia pale chini ya video. Wengine waliahirisha kazi, na kwa muda tulikuwa na nyumba chache mpaka nikaanza kuangalia kazi ya usiku ya kutunza wazee. Halafu yule mama wa Saint Paul akapiga. Alikuwa amenikasirikia kwa ile "leo", na aliniambia. Nikasema samahani, hiyo naijua vizuri. Mtoto akalia nyuma yake, na yeye akauliza kama Mghoi anaweza kuja Alhamisi. Alilitamka jina langu vibaya sana, dada. Lakini aliniita mimi.

Video zilizobaki nilizitoa zote pale ukurasani, nikamtumia mama yako. Ni zake. Anasema anafungua moja, kisha anakaa siku kadhaa kabla ya kufungua nyingine, na sasa anajua anayeongea ni marehemu mtoto wake, basi haimtishi. Hata hiyo ya oveni imemchekesha, na hajui maneno.

Moja tu nilichelewa kuituma. Sidhani hata wewe ulijua umeipanga. Umeshamaliza kuongea, umeilaza simu na kusahau kuizima, kwa hiyo huonekani, inaonekana dari nyeupe ya nyumba ya watu. Unasikika unabeba ndoo. Unaimba puani. Halafu unaita, "Mama Zawadi! Uko wapi wewe?" Kimya. Unaita tena. Na inakatika hapo. Nyumba hiyo naikumbuka, nilikuwa chumba cha juu, na nina hakika niliitika. Lakini humo ndani sijaitika. Humo unaniita tu, na dari, na kimya. Nikiisikiliza kwa gari naitika kwa nguvu, watu wa gari la pembeni wananitazama.

Nilijilazimisha, nikaituma, kwa sababu cha marehemu hakifai kubaki kwangu kabla mama hajakiona. Akapiga siku hiyohiyo.

"Hii hapana," akasema. "Hizo zingine alikuwa anasalimia watu wote, na mimi ni mtu. Hapa ameita wewe. Chukua, Mghoi. Hiki ndicho chako."

Basi, dada, nimepokea.

Jumatatu hii simu haikulia. Zawadi aliitazama, mimi nikaitazama, uji ukapoa. Nakuahidi hakuna atakayekuamsha tena uende kazini. Nitaongea mimi, hata maneno yakinikwama, na nikisema mlangoni kwamba mtu hayuko, nitasema hayuko, bila ile "leo". Karatasi zangu zikitoka, nitampeleka mtoto Kisii kwa mama yako, aone mahali ulipolala, aache kukutafuta kwenye kioo cha simu.

Lala, Kerubo wangu. Na kama bado unaniita humo, niko chumba cha juu, dada. Namalizia.

Mama Zawadi