Mashua Iliyoenea Juu ya Probox

Mama Raihana, mpendwa mshauri wetu, wenzangu wanakuandikia habari za ndoa na mimi nakuletea habari ya chombo, lakini usingizi umenipotea kama wao, kwa hiyo naomba unisikilize.

Mimi ni fundi wa magari hapa Buyenzi, na kila Jumapili tangu ujanani ninaenda ziwani Kajaga kuvua samaki aina ya mukeke kwa ndoano na rafiki yangu Méthode, mwalimu wa shule ya msingi, kwa mtumbwi wake wa mbao, yeye nyuma akiongoza, maana kwetu mwenye chombo ndiye hukaa nyuma, na mimi mbele nikichota maji kwa kopo, na mwaka huu mtumbwi umeoza hadi maji yanaingia haraka kuliko ninavyochota. Sasa mteja wangu wa Kiriri, bwana Arnaud, anahama nchi na anauza mashua mbili za alumini, moja ndogo ya mtu na kikapu chake, nyingine kubwa ya watu watatu, akaniambia nichague, bei ni moja, nami nikazipima kwa kamba, nikapima na paa la gari langu la Probox, ndogo ikaenea vizuri kabisa, kubwa ikazidi mbele na nyuma, nikasema basi nachukua ndogo, nitarudi nayo nyumbani kila Jumapili jioni na sitamwomba mtu anisaidie kuibeba.

Nikamwonyesha Méthode picha kwenye simu, tena kwa furaha. Akaitazama sana, akauliza, "Na mi nitakaa wapi?"

Nikacheka, nikamwambia tutapeana zamu.

"Apana, Sule. Hii haina zamu. Hii ni ya mutu moja."

Akanipa kopo lake la ndoano, akasema zitanifaa. Tangu hapo haji Kajaga, nikimpigia simu anasema anasahihisha mitihani, na shule zimefungwa. Bwana Arnaud anataka jibu la mwisho kabla ya Jumamosi, na mke wangu Adija anauliza hiyo kubwa italala wapi. Nichukue ipi?

Sulemani, Buyenzi

JIBU

Sulemani, pole. Umenieleza paa la gari kwa marefu na mapana ukidhani sitaona kilicho chini yake. Mashua haiendi barabarani, ndugu yangu, na kwa jinsi mafuta ya esansi yalivyo adimu mjini, hata hiyo Probox inakaribia kuhitaji kubebwa.

Ulichoka kukaa mbele. Ulitaka nawe uongoze, ukaona haya kumwambia Méthode, ukachagua chombo kisicho na nafasi yake ili alumini imwambie kwa niaba yako. Kutaka kuongoza si dhambi. Ungesema tu. Mtu aliyekupeleka ziwani miaka yote hiyo angekutania wiki mbili, kisha angekupisha. Wewe ukamwachia asome kwenye simu.

Chukua kubwa. Mjulishe Arnaud leo. Adija mwambie italala Kajaga, pale wavuvi wana mlinzi wa vyombo. Ongea na mlinzi huyo kabla hujaipeleka. Kisha nenda kwa Méthode mwenyewe, kwa miguu, maana simu amekwisha kujua namna ya kuijibu. Mrudishie ndoano zake. Usimhutubie. Mwambie ulitaka kukaa nyuma na uliogopa kusema, halafu umwombe aje aione kabla haijaguswa na maji.

Siwezi kukuahidi kwamba atakuja. Mvuvi akigawa ndoano zake ameshaamua jambo, na huenda umechelewa. Akikataa, usimgombeze, wala usimtafute mwingine wa kumrithi. Nenda peke yako, umpitie kila Jumapili asubuhi, umwambie unaondoka kwenda ziwani.

Na nikuonye: mashua kubwa, ukikaa nyuma peke yako, mbele inainuka na hutaona unakokwenda. Itabidi utie jiwe mbele, mahali pa Méthode. Tafuta jiwe unaloweza kulitoa haraka.