Sweta la Mwezi wa Saba

Shenzhen,
Jumatano.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza kwa kukuuliza hali, ingawa najua siku hizi swali hilo hulijibu. Goti linaendeleaje? Babu bado anakataa kuvaa miwani? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kile kikohozi ulichokuwa ukikisikia kwenye simu kimekwisha chenyewe. Ile dawa chungu uliyonitumia sikuinywa, naomba unisamehe. Joto la huku ni lile lile la kumfanya mtu aoge na kutoka jasho kabla hajajifuta.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu umenifungia njia nyingine zote. Simu hupokei, ujumbe wa sauti hufungui. Shangazi Guilan ndiye aliyenieleza kwamba kibanda cha tambi umekifunga tangu Jumapili ile, wateja wanakuja na mabakuli yao na kurudi nayo matupu, na ukiulizwa unasema kichwa kinauma. Anasema umemwambia kwamba umekitia mchanga kitumbua cha mwanao mbele ya nchi nzima, na huna uso wa kuzungumza nami. Mama, niliposikia maneno hayo nilikuwa kwenye ngazi za ofisi, nikakaa pale pale. Nimempa barua hii dereva wa basi la kwetu, na Shangazi ameapa kukukabidhi mkononi hata ikibidi apite dirishani. Isome yote tafadhali. Kuna jambo hulijui.

Nianze na kazi yenyewe, maana sijawahi kukueleza vizuri. Kila ukiniuliza nilikuwa nasema "kompyuta, Mama," nawe unaitikia "haya." Tunatengeneza kompyuta ndogo ya kushikwa kwa mikono miwili, yenye vitufe kila upande, ya kuchezea michezo ile mikubwa ambayo zamani ilihitaji meza na kiti. Hatuiuzi dukani. Watu wanaichangia mtandaoni kabla haijatengenezwa, kama wale wanaomlipa Mjomba Derong nguruwe wa Mwaka Mpya wakati bado ananyonya. Wanaonyeshwa picha, wanatoa fedha, wanasubiri. Tofauti ni kwamba Mjomba ana hakika nguruwe wake atanenepa.

Ghorofa ya chini yetu kuna kampuni ya Bosi Lai, nayo inatengeneza mashine ile ile karibu kwa kila kitu. Tunanunua vioo duka moja na vitufe duka moja. Tukitoa rangi ya kijani, wiki inayofuata na wao wana kijani, halafu wanatuambia sisi ndio wachunguliaji. Bosi Lai alipotangaza kwamba mashine yake inacheza saa tano bila chaja, bosi wetu, Bosi Ou, akatangaza sita. Betri yenyewe haikuulizwa.

Bosi Ou si mtu mbaya, naomba ulishike hilo. Ameuza gari lake ili tulipwe mshahara, na akinunua chakula cha mchana anaanza kutugawia sisi. Lakini akimsikia Lai anapanda ngazi, akili inamruka.

Siku ya kupiga picha za tangazo alipita mezani kwa kila mtu akitazama mikono. Ya Xiaoman, dada anayejibu maoni ya wateja, aliiona midogo mno. Alipofika kwangu akapiga kelele, "Huai, huu mkono au mkeka? Hapa hata televisheni itaonekana kiberiti!" Ndivyo nilivyochaguliwa. Shule nzima walinicheka kwa mikono hii niliyoirithi kwako, na sasa imepata kazi.

Mashine ilikuwa ya kweli, Mama. Kioo kilikuwa kizuri, mchezo ulikwenda bila kukwama, nimeucheza mwenyewe. Shida ilikuwa betri. Bosi alitaka mashine iwe nyembamba kuliko ya Lai, na betri pekee iliyoingia humo ilikuwa inapata moto kama kiazi kilichotoka jikoni, kisha inazima kabla hujamaliza mchezo mmoja. Betri nyingine ilikuwa imeagizwa na haijaja, na Lai ameshaanza kuchangisha. Basi waya ukapitishwa. Uliingia nyuma ya mashine, ukapita ndani ya mkono wa nguo yangu hadi kwapani, ukashuka mgongoni mpaka kwenye umeme chini ya meza. Ndiyo sababu ya lile sweta la kijivu. Bosi alisema ni la muda tu, betri ikija tutapiga picha upya. Xiaoman akaniuliza nikifia humo ndani wanizike nalo au wanivue kwanza.

Mtandaoni kuna watu ambao hawaamini kitu. Mkubwa wao anajiita Bisibisi, na sura yake hakuna anayeijua. Mashine ya Lai alisema picha ya kwenye kioo imebandikwa baadaye. Ya kampuni nyingine alisema watoto waliochangiwa mashine ile wameshaota ndevu wakiisubiri. Sisi alitupima kwa ukucha wa kidole gumba changu, akasema kidole hiki ni cha jitu, aletwe mtu wa kawaida ashike. Kisha akaandika: "Shenzhen, mwezi wa saba, jamaa kavaa sweta la sufu. Ana homa?" Xiaoman akajibu kwamba kiyoyozi cha ofisi ni kikali. Bisibisi akauliza kama ni hivyo, yule dada aliyepita nyuma akijipepea na feni ya mkononi alikuwa anamfukuza nzi? Dada huyo alikuwa Xiaoman mwenyewe.

Ofisini wote waliapa kwamba Bisibisi amelipwa na Lai. Siku moja Lai akapanda ngazi, akamkamata Bosi Ou shati na kumwambia, "Mwambie huyo mbwa wenu Bisibisi aache kuning'ata!" Nilianza kumpenda Bisibisi siku hiyo. Nilikuwa namsoma kila nikienda kazini, nikitafuta mahali alipotusingizia, na sikupapata.

Halafu ukaja wewe. Binamu Meizhen alikuonyesha tangazo, na kabla hujasikia sauti yoyote ukasema, "Hii mikono nimeizaa mimi." Kila aliyekaa kula tambi ukamwonyesha. Mwalimu Tan alipouliza kama ni salama kumchangia mjukuu wake mashine hiyo, ukamjibu kwamba kama iko mkononi mwa A-Huai wako basi ipo. Ulinisimulia haya kwa furaha, unacheka hadi unakohoa, nami nikasema "haya, Mama," nikakata simu. Uliudhika kidogo, nilijua. Nilikata kwa aibu. Ulikuwa umenidhamini kwa watu unaoonana nao kila asubuhi, na mimi nina waya kwapani.

Jumapili ile tukatangaza mubashara. Watazamaji walikuwa wengi kuliko siku zote, na Bisibisi alikuwa wa kwanza kuandika. Alitaka jambo moja tu, nikunje mikono ya sweta. Wengine wakadaka, ikawa kunja, kunja, kunja, kioo kizima. Bosi akawa anaeleza habari za vitufe kwa sauti kubwa kama muuza samaki. Mimi nacheza, jasho linanidondokea machoni. Ndipo nikaona ile picha yako ya maua ya mbalungi, inayokaa kando ya jina lako mtandaoni, imejitokeza kati ya maneno ya watu, na chini yake umeandika kwamba wewe ni mama wa hii mikono, wamwache mtoto afanye kazi.

Watu walicheka, Mama, ila si kwa ubaya. Bisibisi mwenyewe alikuamkia. Aliandika: "Shikamoo mama. Mwanao umemlea, anashika kitu kwa heshima. Mimi sina ugomvi naye. Naomba tu akunje sweta, mtoto anaiva." Nawe ukajibu, kwa makosa yako ya herufi ninayoyajua hata nikiwa usingizini: "Kweli anaiva. A-Huai, kunja mikono mwanangu, utaugua. Na huyu bwana aone, tumalize maneno."

Nikaiweka mashine mezani, nikakunja. Waya mweusi ukatokea, umelala kwenye mkono wangu mpaka kiwikoni. Uliona. Wote waliona. Mtu akaandika "Mama kafunga kesi," na maneno hayo yakanakiliwa kila mahali mpaka yakakufikia wewe nyumbani kwa midomo ya watu wasio na haya. Najua walichokwambia. Najua unadhani nilikunja kama mtoto anavyotii mama yake, bila kufikiri, na kwamba usingeandika ningekuwa salama. Hata ofisini wanadhani hivyo. Xiaoman ananifariji kila siku kwamba mama ni mama, angejuaje. Nimewaacha wadhani hivyo, na hilo ndilo kosa linaloniuma leo, maana mzigo nimekuachia wewe.

Sasa sikiliza. Tulikuwa tumefanya mazoezi. Kama watu wangebana sana, mimi ningejikuna sikio, kamera ingeelekezwa sakafuni, na Xiaoman angetangaza kwamba mtandao umekatika. Rahisi hivyo tu. Maneno yako niliyasoma yote, nikayarudia. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Sikio lenyewe lilikuwa linawasha kwelikweli kwa lile joto, na sikulikuna. Nilikunja kwa sababu nilitaka kukunja. Nilikuwa nimetaka tangu siku ulipomjibu Mwalimu Tan, ila nilikuwa mwoga, na mwoga husubiri aambiwe. Uliponiambia wewe, nikashukuru. Niliogopa, Mama, lakini nilishukuru, na mpaka sasa nashukuru.

Na kuna jingine, ambalo sijamwambia mtu. Hebu kumbuka ulichokiona. Waya ulipotokea, picha haikwenda sakafuni. Ilisogea karibu. Ilisogea taratibu mpaka mkono wangu ukajaa kioo chote na kila mtu akauona waya unakoingia. Kamera yetu haina miguu, na mpigapicha wetu alikuwa ameacha kazi wiki mbili kabla. Aliyeishika alikuwa Bosi Ou. Alikuwa ameacha kusifia vitufe. Nilimtazama juu ya ile kamera naye akanitazama, macho yamemwiva, na akasogea hatua nyingine mbele.

Hatujalizungumza hilo hata siku moja. Alipozima kamera alikaa juu ya boksi, akanywa chupa nzima ya chai ya mitishamba, akasema tu, "Haya, sasa tutengeneze betri." Kesho yake akawaandikia waliochangia, akawaeleza waya, betri, saa sita zisizokuwepo, vyote, akasema anayetaka fedha yake atarudishiwa. Zaidi ya nusu wamerudishiwa. Wenzetu wawili wamehamia chini kwa Lai. Sijafukuzwa, wala sijaulizwa neno, ila sitakudanganya kwamba tutafika Mwaka Mpya, maana sijui. Chakula cha mchana sasa ni wali na mboga, na Bosi bado anaanza kutugawia sisi.

Utacheka nikikwambia kwamba wiki ile mtaa mzima ulivaa mikono mifupi. Kila kampuni ilitoa tangazo jipya, watu wako karibu vifua wazi. Lai naye akatoa lake, ila kapiga picha kutoka mbali kama mtu anayepiga picha mlima. Bisibisi akamuuliza, "Bosi Lai, na wewe mama yako yuko wapi?" Kuhusu sisi aliandika kwamba angalau waya wetu ameuona. Akaongeza kwamba bado hachangii.

Mwambie Mwalimu Tan naye asichangie. Mwambie nimesema mimi, asubiri aione kwanza. Kava jipya la mashine ni nene kama mche wa sabuni ya kufulia, Bosi analitazama kwa huzuni, lakini betri inakaa ndani na inacheza saa mbili na nusu bila kuunguza mtu. Jumapili hii saa kumi jioni tunatangaza tena, na ndivyo tutakavyosema, saa mbili na nusu.

Jana Bosi aliniuliza kama utakuwepo. Nikamwambia husemi nami, umefunga hata kibanda, unadhani umetuangamiza. Akawa anageuzageuza kava mkononi. Kisha akasema nikuandikie kwamba ile siku alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka maishani, na kwamba tangu aanze kazi hii hakuna mtu aliyemwambia amalize maneno. Amesema safari hii kamera ataishika mtu mwingine. Atakaa yeye mezani, na anaomba uwe wewe wa kumuuliza maswali.

Wape salamu zangu Babu, Shangazi Guilan na Meizhen. Wateja wako nao uwape tambi zao, hawana kosa. Ujifunge goti ukilala, na simu uiache wazi.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Feng Jinhuai